Mwendo wa Hajji Magidu

Mugume alikuwa mwalimu Rukoki, nje ya mji wa Kasese, na jioni aliongoza kikundi cha maigizo. Alitunga igizo kuhusu Wakristo na Waislamu wanaoishi kwa kuvumiliana, akapanga kulionyesha Bwera siku ya soko.

Hamidah, muuza vitenge na Mwislamu pekee kikundini, aliuliza wakati wa mazoezi:

"Mwalimu, mbona Wakristo wote wanapanda ngazi na kusimama juu ya jukwaa, na sisi tunatokea huku chini pembeni?"

"Ni mpangilio tu, Hamidah."

"Na huyu mfanyabiashara wa Kiislamu, lazima achechemee?"

"Watu wacheke kwanza. Aliyecheka ni rahisi kumfundisha."

Hamidah akarudi pembeni kwake. Lakini Mugume alijua vizuri alikoutoa ule mwendo. Utotoni, mto Nyamwamba ulipofurika na kuingia kwenye nyumba za wachimba madini Kilembe, msafirishaji mmoja Mwislamu kutoka Bwera, Magidu, alisimamisha lori lake akaingia majini mara mbili. Kwanza alimtoa Mugume. Aliporudi kumtoa mama yake Mugume, gogo likampiga gotini. Aliwaendesha mpaka kwa ndugu zao Maliba huku mguu ukivuja damu, na tangu siku hiyo anauburuta. Mugume aliuiga mwendo huo mbele ya kioo mpaka ukakaa sawasawa, kisha akamfundisha Kiiza, mwigizaji wake. Alijiambia kwamba hakuna atakayeutambua.

Siku ya soko Bwera watu walijaa. Kiiza alipotokea na kanzu yake, akiburuta mguu, walicheka mpaka wakashikana mabega. "Muangalie ule mutu!" mama mmoja alipiga kelele. Nyuma ya pazia, Mugume alichekelea.

Ndipo mtu mmoja akainuka katikati ya watazamaji. Alikuwa Hajji Magidu, na mkewe Jamira amemshika mkono wa kanzu. Alianza kuondoka, na mguu wake uliburuzika vilevile kama wa kule jukwaani. Watu wakamtazama yeye, wakamtazama Kiiza, wakadhani naye ni mwigizaji.

"Beko wawili!" mtu akapaza sauti, akiwaonyesha wote wawili kwa kidole, na kicheko kikalipuka upya. Wengine walimpigia makofi. Magidu hakugeuka.

Mugume angeweza kutoka na kusimamisha igizo. Alishika pazia, akabaki pale pale. Waigizaji walimaliza kwa kukumbatiana na kuimba wimbo wa umoja, kisha yeye akajitokeza kupokea pongezi, masikio yakimwaka moto.

Baadaye alimkuta Hamidah akikunja mavazi.

"Ulijua ni mwendo wa Hajji?"

Hamidah akamwekea ile kanzu mikononi, akaenda zake.

Siku tatu alikosa ujasiri. Ya nne alikwenda kwenye stoo ya Magidu, akamkuta akisimamia upakiaji wa kahawa. Mzee alimpa kiti, akaagiza chai. Afadhali angemtukana.

"Hajji, nimekuja kuomba msamaha."

"Hii mguu nilishaizoea. Watu ya soko bakicheka, hiyo ni soko. Lakini wewe ulijua mahali niliipata."

"Nilijua."

"Mama yako anajua kile ulifanya?"

Mugume aliinamisha kichwa. "Hapana."

"Mwambie kwanza."

Alimwambia jioni ile ile. Mama hakumkemea. Alijifunika uso kwa kitenge, akamwomba amwache peke yake. Kesho yake alipanda gari kwenda Bwera kumwona Magidu, wala hakumwalika mwanawe.

Mugume alimrudia Hamidah, akamwomba wapange igizo upya. Hamidah aliondoa jukwaa. Waigizaji wote wangesimama chini, watu wamewazunguka, na kila mmoja angeinuka kutoka miongoni mwa watazamaji, hata usimjue nani ni wa dini gani mpaka aseme. Mugume alijipa sehemu ya kijana anayeokolewa majini, kisha anamfanya mwokozi wake kichekesho. Walituma mtu kumwomba Magidu ruhusa. Alikubali, ila jina lake lisitajwe.

Walionyesha Kasese mjini. Mugume alipofika mahali pa kuuburuta mguu, hakuna aliyecheka, maana watu walikuwa wametoka kuyaona yale mafuriko yakiigizwa. Jasho lilimtiririka. Alitamani kufupisha, lakini Hamidah alikuwa amemwonya: "Usikate. Wakuone." Akazunguka duara lote, polepole, akipita mbele ya kila mtu.

Magidu hakuja. Jamira alikuja, akakaa chini pamoja na wanawake wengine. Igizo lilipokwisha, Mugume alimfuata.

"Mama, tukilipeleka igizo Bwera, Hajji atakuja?"

"Sijui, mwanangu. Yeye anasema kuona mara moja inatosha." Akampa mkono. "Lakini nitamweleza nilichokiona."

Jamira akaondoka. Watu walikuwa wakimjia Mugume kumsifu kwa kazi nzuri, naye aliwashukuru mmoja mmoja, akitazama viatu vyao.