Mtu wa Chini ya Meza

Siku tuliyomzika baba yangu kwa simu, Wendell alikuwa chini ya meza ya chakula, amevaa tai.

Tai ile nyeusi aliinunua jana yake, akahangaika nayo mbele ya kioo, maana dereva wa gari la kuzoa theluji mjini Milwaukee hana haja ya tai. Alfajiri akavuta kiti karibu na changu.

"Leo sishuki, Alei," akaniambia. "Kwa mzee nitakaa kitini kama watu."

Nikamjibu sawa. Na nilimaanisha, naapa.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeucheza mchezo ule miaka minne. Kila Jumapili mama yangu, Amma, akipiga simu ya video kutoka kwetu Kottayam, India, Wendell alijitupa sakafuni na kilo zake mia na kumi, goti bovu likalia, akatambaa hadi jikoni na sahani yake ya wali na samaki. Tulikuwa tukicheka mpaka mbavu zinauma. Mara moja alikwama kati ya kochi na ukuta, nikamwambia Amma kuwa yanayonguruma ni mabomba ya maji.

"Mabomba yenu yana njaa," Amma akasema.

Kuishi na Mmarekani, mtalaka, tena si wa kanisa letu, ningeanzia wapi kuwaambia nyumbani? Nilijiambia nitasema Krismasi, kisha Pasaka, kisha baba, Appachan wangu, akipona.

Appachan hakupona. Karatasi zangu za kuishi Marekani zilikuwa bado zinashughulikiwa, na ningetoka nisingerudi kwenye kazi yangu ya uuguzi. Ndiyo maana mdogo wangu Kuruvilla aliinua simu karibu na kichwa cha baba, ili nami niwemo kwenye picha. Kwetu hakuna maziko bila picha hiyo: ukoo mzima umelizunguka jeneza lililo wazi, na mpiga picha anawapanga, wafupi mbele.

Simu ilipofunguka nikawaona wote, shangazi zangu, padri, majirani, macho yao yamenikazia. Mkono wangu ukamsukuma Wendell begani.

Aliniangalia kwanza. Kisha akashuka, polepole, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Dada, hicho kiti cha nani pembeni?" Kuruvilla akauliza.

Amma akageuka kutoka jenezani, uso umevimba kwa kilio. "Uko na mtu, mwanangu? Kama yupo, aingie. Picha ni ya wote."

"Niko peke yangu, Amma."

Mpiga picha akahesabu mpaka tatu. Nililia mpaka jeneza likafungwa, na muda wote huo Wendell alikuwa amenishika kisigino.

Simu ilipokatika alitoka, akavua tai, akaikunja vizuri mezani.

"Mzee amepumzika," akasema. "Mimi nimechoka, Alei."

Wiki haikuisha akawa amehama. Sikumzuia, kwa sababu nilijionea aibu kuliko nilivyowahi kuwaonea aibu wale watu wa kanisani.

Mwaka mmoja baadaye, Jumapili, Amma alikuwa akimenya vitunguu mbele ya simu.

"Yule anayekohoa, mbona simsikii siku hizi?"

"Nani, Amma?"

"Usinifanye mtoto. Yule wako wa chini. Miaka minne, baridi ikiingia tu anakohoa."

Nikamwambia amehama. Amma akanawa mikono, akaondoka mbele ya simu. Aliporudi alikuwa na chupa, mfuniko wake umefungwa kwa kitambaa na uzi.

"Tangawizi, pilipili manga na sukari guru," akasema. "Niliipika mwenyewe, mwaka juzi. Nilikuwa nangoja uniambie jina lake niandike kwenye kifurushi."

Nikamwambia. Akaniomba nirudie taratibu, akalitamka mara tatu mpaka akalipatia.