Zulia la Baa ya Tully

Alhamisi alasiri, Tully alikuwa akifuta kaunta ya baa yake pale Footscray wakati mwimbaji wake, Roslyn Vella, alipomaliza kupima vipaza sauti, akataka kushuka jukwaani na kushindwa. Zulia lilikuwa limemshika. Alivua viatu, likamshika nyayo.

Tully alitazama, akaendelea kufuta. Melbourne nzima inajua kwamba baa ya muziki inayojiheshimu haioshi zulia. Lisiponata, wapiga muziki huhisi wamealikwa hospitali. Lake lilikuwa limenyweshwa bia tangu enzi za mwenye baa wa kwanza. Kwamba sasa linashika watu, hayo ni mambo ya uzee.

"Lete kisu ukate hili dude, Tully. Binti yangu Kaylene anaolewa Jumamosi ijayo, kule Geelong."

"Roz, dada yangu, haraka ya nini? Leo tumejaza."

Tully alianza kazi kwa kubeba spika za watu, akapanda cheo kwa sentensi moja tu: "Hapa kwangu utajulikana." Bendi zote za magharibi mwa mji zililishwa sentensi hiyo. Aliyelalamika njaa aliongezewa chipsi.

Roslyn aliimba usiku ule, na wa pili, na wa tatu. Mhudumu wa baa alimletea soseji na beseni la kuogea. Zulia likapanda hadi magotini. Hasira zilimnogesha sauti, watu wakapanga foleni hadi stesheni, na Tully, mnyonyaji yule asiye na haya, akaanza kuvaa tai.

Jumatano alialika wakuu wa baraza la mji. Walikanyagakanyaga zulia, wakanasa kidogo, wakanasuka, wakatangaza kuwa ni urithi wa mji, marufuku kulikata.

"Nimekupigania heshima," Tully alimwambia Roslyn.

"Heshima ya nani?"

"Ya zulia. Lakini na wewe si umo?"

"Umo mama yako! Mwanangu ataolewa bila mimi, mshenzi wewe!"

"Basi waje hapa. Geelong kuna nini?"

Jumamosi wakaja kweli: bwana harusi, mashangazi wa Kimalta wa ukoo wa Vella wenye masinia ya vitumbua vya jibini, na padre aliyeuliza tu choo kiko wapi. Roslyn alikuwa amesukwa nywele na kupakwa wanja. Zulia lilimfika kiunoni, likamkaa kama sketi. Tully alipomwona akalia machozi ya kweli, akayafuta kwa kitambaa cha kaunta.

Kisha akaenda kusimama mlangoni na muhuri wake, akamzuia bibi harusi.

"Kiingilio, binti."

"Mama yangu ndiye yule jukwaani," Kaylene alisema.

"Najua, mwanangu," Tully akajibu kwa upole. "Ndiyo maana leo kimepanda."

Kaylene akalipa, akanyoosha mkono akagongwa muhuri, akainua gauni lisiguse chini, akaingia.