Fundi wa Kuua Nyumba

Kazini walimwita Koki, na hata marehemu mkewe alimwita hivyo hivyo, maana tangu ujana wake hapakuwa na koki iliyomshinda. Alikuwa fundi bomba wa idara ya nyumba za serikali. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amepanda na kushuka ngazi za maghorofa yale kumi na mawili ya kando ya reli mpaka magoti yakaanza kumsema. Alijua bomba lipi linakoroma likifunguliwa asubuhi, choo kipi kinameza maji kwa uvivu, na mpangaji yupi anamwita kwa koki inayovuja kumbe anatafuta mtu wa kupiga naye soga.

Zamani kazi yake ilikuwa kutengeneza. Kisha ikaja amri kutoka juu: mpangaji akifa au akihama, nyumba yake isipangishwe tena. Na kwa kuwa kufuli haimzuii mtu asiye na pa kulala, nyumba hizo ziharibiwe kwa ndani. Choo kivunjwe, mabomba yakatwe, shimo la choo limiminiwe zege, halafu mlango upigiliwe bati. Kwenye fomu waliandika "kusitisha matumizi". Mafundi wenyewe walisema kuua nyumba.

"Leo tunaua ngapi, mzee?" Nyundo, mwenzake mwenye shingo nene, alimuuliza kila asubuhi.

"Tatu."

"Mola aziweke mahali pema."

Mwanzoni Koki alicheka. Baadaye alikuwa anachukua tu mfuko wa vifaa na kutangulia.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, ambaye Koki alimwita Mama kwa sababu alirithi jina la mama mzazi wa Koki. Mama aliolewa na kinyozi, kijana mpole asiye na makuu, wakapanga chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Ukuta wa nyuma wa chumba kile ulitoka jasho mwaka mzima. Ungeupaka rangi leo, wiki ya pili ukungu mweusi ungeanza kupanda tena kutoka sakafuni, na moshi wa karakana ulipita chini ya mlango kana kwamba nao unalipa kodi. Juma lile lile la harusi walijiandikisha kwenye orodha ya nyumba za serikali. Huo ulikuwa mwaka wa saba. Kila Januari Mama alikwenda kuhuisha jina lake, kila Januari akaambiwa amesogea, isipokuwa mwaka mmoja alipoambiwa amerudi nyuma na hakuna aliyeweza kumweleza sababu.

Kisha akazaliwa mtoto wa kike. Alipofikisha miezi mitano, kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi. Muuguzi wa zahanati akampa dawa, akaandika na barua. "Dawa itamsaidia," alimwambia Koki aliyewasindikiza, "lakini nikimtibu hapa mkamrudisha kwenye chumba kile, mimi napiga deki huku mvua inaingia ndani. Huyu anahitaji chumba kikavu."

Koki akaipeleka barua kwa mkuu wao, mwanamke wa makamo waliyemwita Bi Mkubwa. Akaisoma mara mbili, hakuikimbilia.

"Barua kama hizi zimejaa kabati lile, Koki. Na zote ni za kweli."

"Lakini Bi Mkubwa, mwezi huu peke yake nimefunga nyumba kumi na moja. Nzima. Kavu. Nyingine hata rangi haijabanduka."

"Najua. Fomu nimesaini mimi."

"Sasa kwa nini?"

Bi Mkubwa akavua miwani, akajikanda macho. "Wakati naanza kazi hapa tulikuwa tunajenga. Halafu wakasema kila mpangaji ainunue nyumba yake, bei ya kutupa. Watu wakafurahi, nani asingefurahi? Zile nzuri zenye bustani zikaondoka zote. Tukaahidiwa kila inayouzwa itajengwa nyingine. Hela zikaenda makao makuu, hazikurudi, na sisi tukakatazwa kukopa tujenge. Yakabaki maghorofa haya. Hatukupewa hata chokaa ya kuyapaka, leo wanasema yamechakaa. Sasa nyumba yenye mtu ina usumbufu, maana mtu humtoi mpaka umpe pengine. Nyumba tupu haina wa kulalamika. Zikiisha kuwa tupu zote, kiwanja kitauzwa."

"Na watu?"

"Watu wako kwenye orodha," alisema, wala hakuwa anafanya mzaha.

Wiki ile akafa mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu, jengo la saba. Wanawe wakabeba vitu, wakaacha pazia moja. Koki alipoingia na nyundo yake, jua la asubuhi lilikuwa limejaa chumba cha kulala hadi kwenye pembe. Akaweka kiganja ukutani. Mkavu. Akafungua koki, maji yakaja kwa nguvu. Akavuta choo, nacho kikafanya kazi yake bila kinyongo. Akaketi kwenye ukingo wa karo kwa muda mrefu. Nyundo alikuwa jengo la pili anachanganya zege. Koki akatoa fomu mfukoni akajaza: choo kimevunjwa, mabomba yamekatwa, shimo limezibwa. Kisha akalifunga lile bati kwenye mlango wenyewe badala ya kwenye fremu, ili mlango ukifunguliwa, nalo lifunguke pamoja nao. Kwa mpita njia, ile ilikuwa nyumba iliyokufa kama nyingine.

Jumapili Mama na mumewe wakahamia, godoro na masufuria mawili.

Wakakaa wiki sita. Kifua cha mtoto kikafunguka katika wiki ya pili. Koki alipotoka kazini alipitia pale, akavua viatu, akajilaza sakafuni na kuweka sikio kwenye kifua cha mjukuu wake.

"Unasikia nini, baba?" Mama alimuuliza siku moja.

"Sisikii kitu," akajibu, akageuza uso ili binti yake asimwone.

Ghorofa ya nne, juu yao, aliishi mama mmoja mshonaji. Sebule yake ilikuwa chumba cha mwanawe, mkwewe na wajukuu pacha, na mwanawe huyo alikuwa kwenye orodha kwa miaka tisa. Asubuhi moja mshonaji akachungulia chini, akaziona nepi zimeanikwa kwenye dirisha la nyumba ya marehemu mwalimu. Hakugombana na mtu. Alivaa viatu vyake vya kutokea akaenda ofisini.

Bi Mkubwa akamwita Koki, akafunga mlango.

"Yule mama ameniuliza swali moja tu. Huyo wa ghorofa ya tatu kapewa kwa orodha ipi? Nimekosa jibu." "Ungekuwa wewe ni yeye, ungenyamaza?"

Koki akatazama mezani, akaiona fomu aliyoijaza mwenyewe.

"Nikiandika ripoti, wewe unafukuzwa, na jina la binti yako linafutwa. Anayeingia bila kibali hapewi nyumba ya serikali maisha yake yote. Nisipoandika, nyumba ile lazima ife leo. Mkaguzi wa makao makuu anafika saa nane mchana. Chagua."

"Hapo nachagua nini, Bi Mkubwa?"

"Sijui," alisema. "Kweli sijui."

Koki alipofika jengo la saba, Mama alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni. Aliiona nyundo kabla hajauona uso wa baba yake, na hakuhitaji kuelezwa mengi.

"Wasilifute jina lako," Koki alisema. "Miaka saba umesubiri, Mama. Usiipoteze kwa ajili yangu."

"Ngoja kwanza nichote maji."

Akajaza ndoo mbili mpaka pomoni, kwa kuwa kule karakana maji yalikuja siku moja moja. Akamvika mtoto. Akafunga nguo kwenye shuka, akalikunja godoro, kisha akasimama mlangoni na mtoto begani.

Koki akapiga. Pigo la kwanza likang'oa kipande kidogo tu, kama vile mkono haujui kazi. Mtoto akashtuka, akaanza kulia. La pili pia halikuvunja.

"Piga, baba, tumalize," Mama alisema.

La tatu likakipasua choo katikati, maji yakamwagika sakafuni yakamfikia Mama miguuni. Hakusogea. Koki akakata bomba la karo, la jikoni, la bafu. Nyundo akaja na zege bila kuambiwa sababu. Alipowaona pale hakufanya utani wowote. Akamimina, akasawazisha kwa mwiko, akashuka chini akawabebea godoro.

Mkaguzi alikuja saa nane na dakika kumi. Akaangalia, akaweka alama ya vema kwenye karatasi yake, akaondoka.

Haikupita miezi mitatu barua zikatumwa. Serikali ilikuwa imebadilisha sera. Orodha ya kusubiri imefungwa na majina yote yaliyomo hayana nguvu tena. Wananchi wanakaribishwa kuomba makazi ya bei nafuu yatakayojengwa na kampuni binafsi pale kando ya reli, mradi walete hati ya mshahara na barua ya benki. Kinyozi hakuwa na hati ya mshahara. Aliyemlipa ni mwenye nywele ndefu aliyetokea siku hiyo.

Mtoto alikuwa ameshalazwa mara mbili. Kinyozi akaamua kuwapeleka kwa wazazi wake, safari ya siku mbili kwa basi. Mama alimwambia Koki kwa simu, wakiwa tayari wamefika. Sauti yake ilikuwa ya adabu, ile adabu anayopewa mtu wa mbali.

"Mtoto anaendeleaje kifua?"

"Vile vile, baba. Wewe je, magoti?"

"Vile vile."

Basi wakaagana.

Siku moja, Koki akipanda jengo la saba na mfuko wake, akamkuta mshonaji amekaa kwenye ngazi na bahasha mkononi. Alitaka kumpita. Lakini mama yule akamnyooshea barua.

"Kaka yangu, nisomee. Miwani yangu imevunjika, na mwanangu ameisoma akaondoka hajaniambia neno."

Koki akaweka mfuko chini, akamsomea yote, kuanzia nembo hadi sahihi. Mshonaji alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo tusubiri nyingine?"

"Hakuna nyingine, dada. Imefungwa."

"Miaka tisa," alisema. Kisha akauliza: "Yule mtoto wa chini. Kilikuwa cha nani kile kitoto?"

"Mjukuu wangu."

Mshonaji akaweka mkono mdomoni. Koki hakuwa na hasira ya kumpa, wala neno la kumtuliza. Alijibana ukutani, akampita taratibu, akaendelea kupanda. Ghorofa ya tano kulikuwa na nyumba mbili za kufunga kabla ya mchana.