Njia ya Ingobyi

Venansi aliamini kamati ya kilima, yaani ya kijiji chao, inamwonea. Alikuwa amekulia kambini Tanzania, miaka kumi na mitano bila ardhi ya kuiita yake, na sasa amerudi Gasorwe kugawana shamba la marehemu baba yao, bado shamba lake limegwe? Mdogo wake Simoni, aliyebaki nyumbani na mama yao Melania, alipata upande wa chini, palipo na nyumba ya mama. Yeye alipata wa juu, kando ya barabara. Lakini Kasilda wa kamati alisema kwamba shambani kwa Venansi ibaki njia ya kupita wanaume wawili sambamba wenye ingobyi mabegani, ile machela ya kusukwa ya kubebea wagonjwa. Ndivyo shamba linavyogawanywa hapa, alisema.

Venansi alimwona mshamba. Kambini gari la wagonjwa lilifika mlangoni. Basi akapanda uzio wa miyenzi, ile minyaa yenye utomvu mkali, pande zote mbili za njia, akaacha kichochoro cha mtu mmoja na ndoo yake kichwani, sehemu iliyobaki ya njia akapanda maharage. Mbele ya kamati akatangaza kwamba atakayekata mpaka wake watafikishana mahakamani. Kilimani pale kukata mpaka wa mtu ni sawa na kumpiga kofi. Wakamwachia ukaidi wake.

Mwaka wa pili miyenzi ilikuwa imeshonana kama mkeka. Venansi akaenda Gitega, akafyatua matofali mtaani Nyamugari apate pesa za milango ya nyumba yake. Huko ndiko Simoni alikompigia simu: mama amezidiwa, arudi.

Alifika kesho yake mchana, akawakuta majirani wamekaa uani. Ingobyi haikupenya kichochoroni. Wabebaji walizunguka bondeni, wakavuka kijito kilichojaa mvua, na walipotokea barabarani Melania alikuwa ameshakata roho.

Venansi akamuuliza mdogo wake kwa nini hakukata uzio.

Simoni hakupandisha sauti. "Mpaka ya mtu haikatwe, mukubwa. Ni we ulisema, mbele ya watu wote. Mama naye alikataa. Alisema, musikate, mutoto wangu ameikosa udongo siku mingi."

Maneno hayo yalimuumiza Venansi kuliko tusi lolote. Alichukua panga, akakata miyenzi kutoka juu hadi chini, utomvu ukimchoma mikono, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akang'oa na maharage. Kisha akamwomba Kasilda aje apime upana wa njia.

Jioni walipompandisha mama kwenda kuzikwa, Venansi alishika mti wa mbele wa ingobyi, Simoni akashika wa pembeni yake. Walipanda sambamba shamba zima, bega kwa bega, na hakuna hata jani lililowagusa.