Mkwaruzo wa Waya wa Sita

Umeme ulikatika Masinde akiwa ndio kwanza ameingia kwenye kilele cha wimbo, pale mwimbaji anaponyamaza na gitaa kuachiwa uwanja. Krismasi ya 2007 ilikuwa inakaribia, na Nakuru nzima ilikuwa imebandikwa nyuso za wagombea, hata kwenye milango ya vyoo vya stendi. Walingoja umeme mpaka wakachoka. Masinde akafunga gitaa lake na kumuaga Nikita, binti mwenye studio ile ya kurekodia, juu ya duka la baba yake.

"Hizi vyombo ziache tu hapo, boss. Tutamalizia baada ya kura."

Vyombo vyenyewe vilikuwa amplifaya yake na kasha la spika, na vilikaa pale studio hadi Januari. Mji ulipoanza kunong'ona kwamba maduka yatavunjwa, Masinde alikuja kuvichukua. Aliona ni salama zaidi kuviweka nyumbani. Kabla ya kuondoka alichomeka gitaa na kupiga kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Sauti ilikuwa safi. Kesho yake fujo za baada ya uchaguzi zikaanza, na katika siku zile nyumba yake mtaa wa Free Area ilichomwa yeye akiwa ndani.

Sasa ilikuwa Mei, na mkewe, Anyango, alikuwa amerudi Nakuru kwa mara ya mwisho. Yeye na watoto walikuwa wamekwenda kwa mama yake, Kisumu, kabla ya uchaguzi, na hilo peke yake ndilo lililowaokoa. Jumamosi angehamia moja kwa moja kwa wakwe zake, upande wa Bungoma. Alipanda ngazi za studio na kuomba kitu kimoja.

"Picha zote zilichomeka. Nguo zilichomeka. Watoto hawana kitu yake hata moja. Madam, hiyo wimbo imalizwe, hata kama ni mtu mwingine atapiga."

Nikita alikuwa amesomea uhandisi wa sauti, na hakuwa mtu wa kuahidi kwa huruma. Alifikiri kwanza. Gedion, mpiga gitaa la pili wa bendi, alikuwa amekaa kando ya Masinde miaka sita na aliijua mikono yake. Vidole vingekuwa kazi ya Gedion. Sauti ingekuwa kazi yake mwenyewe.

"Inawezekana," alijibu. "Njoo Alhamisi alasiri usikilize."

Vyombo vya Masinde vilihesabiwa kuwa majivu, hivyo Nikita alikuwa na njia moja tu: mashine ya kidijitali aliyoletewa na binamu yake Ranjan kutoka Leicester, Uingereza. Ilikuwa kisanduku chekundu chenye vifungo na kioo kidogo. Kushoto mwa kioo uliteua amplifaya. Kulia uliteua kasha la spika. Vyote vilikuwa vya kuigiza: mashine ilichukua mlio mtupu wa gitaa na kuupa sauti ambayo ungekuwa nayo kama ungepitia vyombo vya kweli. Kiwandani kila amplifaya ilikuwa imeozeshwa kasha lake, na wapigaji wengi waliziacha ndoa hizo kama walivyozikuta. Nikita aliona huo ni uvivu. Kwa uzoefu wake, sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita sauti ya amplifaya ni sauti ya mbao, karatasi na hewa iliyofungiwa ndani ya kasha.

Masinde alikuwa ameoanisha vitu ambavyo hakuna kiwanda kingethubutu kuvioanisha. Amplifaya yake ilikuwa ndogo, kuukuu, ya Kiingereza. Kasha alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za saiprasi, kubwa kupita kiasi, limezibwa nyuma, na ndani yake spika moja iliyong'olewa katika jumba la sinema lililokufa. Mchana alikuwa mchimbaji katika mgodi wa udongo mweupe kule Kariandusi, na vumbi lake lilimfuata kila mahali. Pembe za kasha hazikuacha kuwa nyeupe. Kupitia kasha hilo, nyaya nyembamba za gitaa zilisikika karibu, lakini nyaya nene zilikuja kwa mbali, kama mtu anayezungumza chumba cha pili.

Nikita alianza na ndoa ya kiwandani. Ilikuwa kali mno, ya kutoboa masikio. Akaiacha amplifaya ile ile na kuipa kasha la spika nne: gitaa likanguruma kama lori linalopanda vilima vya Dundori na mzigo wa viazi. Akajaribu kasha lililo wazi nyuma: nyaya nene zikapotea. Mwishowe alipata kasha la spika moja lililokusudiwa amplifaya nyingine kabisa, akaisogeza ile maikrofoni ya kuigiza kutoka katikati ya spika kwenda ukingoni, akapunguza ukali, akasikiliza. Sekunde chache za Masinde wa Desemba, sekunde chache za mashine. Masinde, mashine. Alipofumba macho na kushindwa kutofautisha, alimwita baba yake, Ashok, kutoka dukani chini.

Ashok alikuwa ametengeneza redio za Nakuru tangu enzi za betri za mawe makubwa. Alisikiliza amesimama.

"Ya kwanza ni Masinde."

"Na ya pili?"

"Pia Masinde." Aliitazama mashine bila kuipenda. "Maliza hii kazi, beta, mtoto yangu, halafu haya maneno ya fujo yaishe. Sisi watu ya duka. Tulifunga mlango, hatukuona kitu."

"Hatukuona kwa sababu tulifunga mlango, Papa."

"Ndiyo hiyo nasema," Ashok akajibu, akashuka.

Gedion alifika Alhamisi kabla ya chakula cha mchana, gitaa mgongoni, viatu vina udongo mwekundu wa shamba la mama yake Dundori, alikokuwa akiishi tangu Februari. Alikuwa amekonda. Mdomo tu ndio haukuwa umebadilika.

"Niaje, sista. Kumbe leo unanigeuza mzimu?"

"Wewe piga gitaa. Mzimu ni kazi yangu."

"Na hii kibiriti ndio Masinde?" Aliinama juu ya mashine. "Hata kikombe yake ya chai haiwezi kaa hapa juu. Angekucheka huyo jamaa."

"Angenicheka, halafu angeniuliza inauzwa wapi."

Gedion alicheka, kisha akaketi na kuvaa vipokea sauti masikioni. Alianzia pale umeme ulipokatikia. Alipiga vizuri. Vile vituo vifupi vya Masinde, ile tabia yake ya kuchelewesha noti ya mwisho kana kwamba ameisahau, vyote vilikuwepo. Nikita hakuwa mtu wa kusisimkwa, lakini mara mbili alitazama mlangoni.

Walirekodi mara tatu. Gedion akavua vipokea sauti akitikisa kichwa.

"Imekaribia. Lakini bado."

"Bado nini?"

"Haikwaruzi. Ile spika yake ilikuwa na mkwaruzo, hapa kwa waya wa sita, ukigonga na nguvu. Kama karatasi imeshikwa na dirisha." Aliugonga waya mnene na kuuigiza mlio kwa mdomo, tetemeko fupi, kavu. "Si ilikuwa imepasuka? Hapo chini, upande wa kushoto, karibu na skrubu. Bila hiyo si yeye."

Nikita alichukua kalamu ili aandike, kisha akaiweka chini. Yeye ndiye aliyeweka maikrofoni mbele ya spika ile. Alikuwa ameikagua kwa tochi kabla ya kurekodi, kama anavyokagua kila spika, na karatasi yake ilikuwa nzima.

"Ilipasuka lini?"

"Aa, kitambo. Desemba ilikuwa hivyo tu."

"Sikiliza Desemba."

Alimchezea gitaa la Masinde peke yake, bila ngoma, bila sauti ya mwimbaji. Waya wa sita uligongwa kwa nguvu mara nyingi. Kila mara ulilia mzito na safi, kutoka chumba cha pili. Gedion alisikiliza huku vidole vyake vikitembea bila sauti juu ya gitaa. Vilisimama kabla wimbo haujaisha.

"Basi ni Januari," alisema. "Ndio, Januari. Tulikuwa tunafanya mazoezi kwake."

"Januari kasha lilikuwa hapa studio, Gedion. Alilichukua siku moja kabla ya fujo. Alilijaribu hapo ulipokaa, na halikukwaruza."

Nje, mhubiri wa barabarani alikuwa akijaribu kipaza sauti chake, moja mbili, moja mbili. Nikita hakukasirika. Alikuwa akipanga mambo kwa mfuatano wake, na mfuatano ulikuwa na nafasi moja tu iliyobaki. Spika ilipasuka baada ya siku ile. Na huyu mtu alikuwa ameipiga iliyopasuka, si mara moja. Alikuwa ameipiga muda wa kutosha mpaka sauti mpya ikaifunika ya zamani kichwani mwake.

"Kasha liko wapi?"

Gedion alianza kulegeza nyaya za gitaa, moja baada ya nyingine, ingawa kazi haikuwa imekwisha.

"Liko Dundori. Kwa store ya mathe."

"Lilifikaje huko?"

"Walinipea."

"Nani?"

"Hao vijana. Wengine hata siwajui." Alisema polepole, macho kwenye nyaya. "Walikuja kwangu kwanza, si tulikaa ploti moja na Masinde. Wakauliza kwa hii ploti watu wa kabila ingine wanakaa nyumba gani. Si mmoja, sista, ni kikundi, na panga ziko nje. Ungesema nini wewe? Nikawaambia hiyo ya mlango ya bluu. Nilijua Masinde ako kazi Kariandusi. Kila siku saa hiyo anakuwanga kazi. Nikasema ni nyumba tu, wachome, atapata ingine."

"Na barabara ilikuwa imefungwa."

"Ilikuwa imefungwa. Hakuwa ameenda kazi. Alikuwa amelala, chumba ya ndani." Aliinua kichwa. "Walitoa vitu kwanza. Kasha ikarushwa nje, ndio ikapasuka. Wakaniambia chukua yako. Wananiangalia. Nikabeba."

"Ulimsikia?"

Gedion alilegeza waya wa sita. Kisha alisema, "Sista, maliza wimbo. Yule mama anataka wimbo. Aende na sidii yake, watoto wamsikie baba yao. Hii ingine itamsaidia nini?"

Lilikuwa swali la haki, na Nikita alilipima kama alivyopima kila kitu. Wimbo ulikuwa karibu kukamilika, na hakuna sikio Bungoma nzima ambalo lingeitambua tofauti. Lakini watoto wa Masinde wangekua wakimsikiliza baba yao, na katika kilele cha wimbo ambaye wangekuwa wanamsikia ni mtu aliyeuonyeshea kidole mlango wa bluu.

"Utamwambia wewe, au nitamwambia mimi," alisema.

Anyango alifika alasiri akiwa amefunga kitambaa cheusi kichwani na kubeba mfuko wa ndizi za kuwashukuru. Alipomwona Gedion uso wake ulifunguka.

"Shemeji! Kumbe ni wewe! Mungu akubariki kwa kukuja. Umekonda hivi, nani anakupikia?"

"Niko tu, shemeji."

Aliketi. Nikita alimchezea wimbo. Masinde alipiga, mwimbaji akaimba, Anyango akafuata kwa kichwa, akatabasamu mahali fulani ambapo yeye tu alijua kwa nini. Kisha mwimbaji akanyamaza, gitaa likaingia uwanjani, likakatika. Ngoma na besi, alizozijaza Nikita, ziliendelea zenyewe.

"Bado hamjamaliza?"

"Gedion ana neno kwanza," Nikita alisema.

Gedion aliliweka gitaa sakafuni. "Kasha yake haikuchomeka, shemeji. Iko kwangu."

"Iko?" Anyango alisimama, mikono mdomoni. "Iko? Ai, Nyasaye, Mungu wangu! Ile kasha aliunda na mikono yake? Shemeji, uliokoa kasha! Kijana wake atashika kitu ya babake!" Alimgeukia Nikita ili afurahi naye, na hakukuta furaha pale. Mikono yake ikashuka taratibu.

"Uliitoa ndani?" akamuuliza Gedion.

"Walirusha nje. Mimi nilibeba."

"Kabla ya moto?"

"Kabla."

"Kwa hivyo ulikuwa hapo kabla ya moto." Hakupaza sauti. "Na mlango si ulikuwa wazi, kama kasha ilitoka? Mbona hukumwita?"

Gedion aliliokota gitaa lake.

"Hiyo ploti iko na milango kumi na mbili. Walijuaje ni wetu?"

Hakuna aliyemjibu, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, alijua. Alikaa chini tena, wima, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Chini, Ashok alikuwa akimweleza mteja bei ya betri.

"Amepiga ngapi?" Anyango alimuuliza Nikita.

"Mara tatu."

"Futa."

"Shemeji," Gedion alisema.

"Futa nikiona, madam. Zote. Na wewe, hiyo kasha utaileta hapa kesho. Si na pikapu. Utabeba na kichwa kutoka huko Dundori, watu wakuone, na wakikuuliza ni ya nani, utasema."

Nikita alifuta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye kioo cha mashine nyekundu jozi aliyoihangaikia wiki nzima ilikuwa bado inawaka, amplifaya kushoto, kasha kulia. Aliizima bila kuihifadhi. Kisha akaurudisha wimbo mwanzo kwa sababu Anyango alitaka kuusikia tena, mpaka pale unapokatika.