Sinia la Jubaland

Ramani ya Jubaland aliichora Babu Sugow, kwa rangi ya mafuta, juu ya shuka nyeupe. Ni jirani yetu hapa Kings Heath, nchini kwa Waingereza, mzaliwa wa Kismayu. Bibi yangu Mwanamkasi, mzaa mama, ni wa Chula, kisiwa cha Wabajuni kusini ya huko. Jumamosi moja, mbele ya wageni katika ukumbi wa mtaa, watoto wa jamii yetu wangesimulia jinsi Jubaland ilivyotekwa na Waingereza, ikakabidhiwa Waitaliano, ikapitia uhuru na vita hadi ikawa jimbo lenye serikali yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha. Sehemu ya mwanzo, habari za watu waliokuwapo kabla ya bendera zote, ilikuwa ya Bibi.

Asubuhi hiyo Bibi aliitazama shuka, kisha akaitazama tena.

"Chula yangu iko wapi?"

"Dada Mwanamkasi, visiwa vile vidogo mno. Na brashi yangu nene."

"Mwingereza hakutuacha nje ya ramani, Mtaliano hakutuacha. Wewe mwenzetu ndiye wa kutufuta?"

"Nimechora nchi, sikuchora vijiwe vya baharini!"

Bibi akachukua mkoba wake. "Basi simulieni wenyewe."

Bila Bibi, watoto wangejifunza kwamba nchi yetu ilianza siku ilipotekwa. Nilimwomba jambo moja tu: ale kwanza. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na samaki, nikapakua kwenye sinia moja. Kwetu mtu haondoki chakula kikiwa kimeandaliwa. Bibi akaketi, uso ameugeuzia dirishani. Babu Sugow akaketi upande wa pili.

Iman, mmoja wa watoto wale, mwenye miaka minane, alipeleka mkono upande wa Bibi. Bibi akaurudisha taratibu.

"Kula mbele yako, mwanangu. Mbele ya mwenzio ni pake."

Iman akaitazama shuka ukutani, akauliza kwa Kiingereza chake cha hapa: je, Waingereza walikula mbele ya nani?

"Mbele yetu," akasema Babu Sugow.

"Na Waitaliano?"

"Mbele yetu vilevile. Walikuwa na mikono mirefu hao!"

Bibi alijizuia kucheka, akashindwa.

Babu Sugow akamega mnofu wa tumbo la samaki, ule mtamu, akausukuma hadi upande wa Bibi.

"Huu unavuka kwa heshima, dada."

"Na Chula?"

"Nitaichora. Lakini brashi ndiyo hiyo moja."

Bibi akafungua mkoba, akatoa kijiti chake cha wanja. "Kikirudi na rangi, utaninunulia kingine."

Wageni wa kwanza walipoingia, Babu Sugow alikuwa amepiga magoti mbele ya shuka, anachovya kijiti, na Bibi amemsimamia begani.

"Si hapo, Sugow. Kusini. Kusini, nimesema!"

Rangi ilikuwa bado mbichi Bibi alipogeuka, akawasalimu wageni, akaanza kusimulia.