Namba ya Jirani

Zilibaki siku nne benki izindue huduma yake ya simu, mabango yameshabandikwa Addis nzima, ndipo mwandishi wa programu Yodit Berhane alipofanya kosa la kuijaribu kabla ya wateja. Aligundua kwamba seva humuuliza mtu neno la siri mlangoni tu. Akishaingia, akiomba taarifa kwa namba ya akaunti ya jirani, hupewa za jirani, tena kwa adabu.

Alimpelekea habari mkuu wa kitengo, Ato Wubishet, ambaye wiki hiyo alikuwa na jambo zito zaidi: kitufe kiwe kijani cha majani au cha ndizi mbichi. Akamtuliza kwamba wateja wao ni waungwana.

"Dada yangu, mwizi angejua kompyuta si angeajiriwa?"

"Sisi tumeajiriwa, bosi, na ona tulichoandika."

Kesho yake wakurugenzi walikuja kuonyeshwa huduma hiyo. Mkurugenzi mkuu, mama aitwaye Weyzero Tsehaynesh, aliuliza kama kuna dosari. Ato Wubishet akasema hakuna, labda wivu wa watu fulani. Mama akamgeukia mtu fulani. Yodit alieleza yote.

"Basi weka namba yangu," mama akasema.

Yodit akaingia kwa akaunti yake mwenyewe, akabadilisha namba. Ukutani yakatokea mambo ya mkurugenzi mkuu kwa herufi kubwa: kila siku ya mshahara, birr zake zote zilihamia benki shindani, ng'ambo ya barabara.

Wakurugenzi wakazama katika vikombe vyao vya kahawa.

"Zima," mama akasema taratibu. "Kurekebisha ni muda gani?"

"Nusu saa, mama. Seva iulize kama anayeomba ndiye mwenye akaunti."

Uzinduzi ukaahirishwa wiki mbili, maana kazi ya nusu saa huhitaji kamati. Ilipokwisha, Ato Wubishet alitunukiwa cheti cha kuimarisha usalama, akakipokea kwa unyenyekevu mkubwa. Yodit alikaa nyuma ya ukumbi kwa hasira, hadi Weyzero Tsehaynesh alipomwinamia.

"Siku ile, uliona ya kwangu tu?"

"Ya kwako tu, mama."

"Vizuri. Kuanzia Jumatatu ofisi yako ni pembeni ya yangu."

Mshahara uliongezeka. Hata leo Yodit hajui kama alipandishwa cheo au aliwekwa chini ya ulinzi.